Rangi za uwazi kwenye ramani: kwa nini karatasi haifanani na skrini

Kazi zinazonifikia sana hapa Arusha ni ramani za njia za Kilimanjaro. Mchoraji anaweka kijani cha uwazi juu ya ukanda wa msitu ili kontua (mistari ya mwinuko) zionekane, kisha anapitisha njia ya Machame. Kwenye skrini inapendeza mno. Ikitoka mashineni, kijani kimefifia na majina ya kambi yamenenepa kama yaliyopigwa muhuri.

PostScript, lugha ambayo uchapaji wa kompyuta uliitegemea kwa miaka mingi, haina uwazi: rangi inayokuja juu hufunika iliyo chini, basi. PDF yenyewe ilipata uwazi kwenye toleo la 1.4, mwaka 2001. Faili likipita njia ya zamani, ile ya PostScript, programu hulazimika kuyabana matabaka yote yawe moja. Hukatakata maumbo, na pale yanapoishinda huyageuza kuwa picha ya pikseli. Jina la kambi lililokuwa chini ya kijani linageuzwa nalo, na hapo ndipo unene unapoanzia. Kwa hiyo maandishi yote yapandishe tabaka la juu kabisa. Nawasihi wachoraji wafanye hili hata wakiacha mengine yote.

Kufifia ni suala jingine. Wino ni CMYK, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi. Ukiacha rangi zichanganyike kwa RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu za mwanga wa skrini, kijani cha skrini hakifikiki. Chagua CMYK kuwa nafasi ya kuchanganyia rangi tangu unapofungua ukurasa.

Ukiona vistari vyeupe kwenye PDF pale maumbo yalipokatwa, kuza. Kama unene wake haubadiliki, kwa kawaida ni kasoro ya skrini tu.

Kabla ya kutuma, uliza kiwanda cha uchapaji kinapokea aina gani ya faili. PDF/X-4, aina ya PDF ya uchapaji, inabeba uwazi kama ulivyo. PDF/X-1a inaukataa, na EPS, faili la PostScript, haiujui kabisa.

Mchoro ukiwa rahisi, mimi huuondoa uwazi wenyewe. Kijani cha RGB 0, 128, 0 kwa ukolezo wa asilimia 40 juu ya nyeupe ni sawa na 153, 204, 153. Kiweke hicho kama rangi kamili, kigeuze kuwa CMYK, kontua zipite juu yake. Kanda mbili zikiingiliana, sehemu ya katikati ichore kama umbo lake, na rangi yake ya tatu uikokotoe mwenyewe, usiiachie mashine.