Je, wajua kwa nini ofisi yenye laini yake ya intaneti hukosa mtandao huku jirani wa bando anaperuzi?

Kwa miaka niliamini kampuni ikikodi laini maalumu ya intaneti, ile faiba isiyogawanwa na mteja mwingine, imeagana na kukatikakatika. Niliambiwa "ni yako peke yako", nami nikasikia "haizimiki".

Unachokodi hasa ni nafasi. Ukilipia Mbps 50 (kipimo cha kasi ya intaneti), zote ni zako usiku na mchana, kupakua na kupakia. Bei yake huzidi mbali faiba ya kawaida yenye kasi hiyohiyo, na mkataba mara nyingi ni wa mwaka mmoja hadi mitatu. Haya yanajulikana. Lililonipita mimi ni la njia.

Tazama mwendokasi wa Dar es Salaam. Basi lina njia yake Barabara ya Morogoro, foleni ya daladala hailihusu. Mvua kubwa ikinyesha, Jangwani ikajaa maji, basi hilohilo linakwama Magomeni, maana halina uchochoro wa kupenya. Bodaboda keshazunguka. Laini maalumu nayo kwa kawaida ni waya mmoja kwenye mtaro mmoja. Katapila la wanaopanua barabara halijui nani kalipa zaidi.

Tena upekee huo huishia kwa mtoa huduma. Mbele ya hapo mnasafiri wote. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom, nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari, ilipokatika, mtandao ulidorora Tanzania na nchi jirani, kwa wenye laini maalumu na wa bando la wiki (ingawa makali yalitegemea mtoa huduma ana mkongo gani wa akiba).

Mkataba wenyewe haukufichi. Ukiahidi upatikanaji wa asilimia 99.9, umeruhusu karibu saa 9 bila mtandao kwa mwaka. Zikizidi, fidia huwa punguzo kwenye ankara. Mauzo yaliyopotea ni juu yako.

Wengine huongeza laini ya kampuni ya pili. Ulizia mtaro kwanza, kwani kampuni mbili zaweza kupita shimo moja. Wengine hufunga ruta ya laini ya simu pembeni, kitu cha bei ndogo kikilinda cha bei kubwa. Ila mnara wa simu nao mara nyingi umeungwa kwa faiba, na huenda ni ya mtaro uleule.