San Antonio na biashara huria ya Amerika Kaskazini: dhana potofu na ukweli

Mji wa San Antonio, Texas, una sifa ya kuwa shabiki mkubwa wa NAFTA, mkataba wa biashara huria kati ya Marekani, Kanada na Meksiko, na wa mkataba mpya ulioshika nafasi yake tarehe 1 Julai 2020. Sifa hiyo ina msingi, ila baadhi ya yanayosimuliwa pamoja nayo si kweli. Kila aya hapa chini inaanza na dhana potofu, kisha inafuata na ukweli wake.

Mkataba ulitiwa saini San Antonio. Tarehe 7 Oktoba 1992, wakuu wa biashara wa nchi hizo tatu waliandika mjini humo herufi za mwanzo za majina yao kwenye rasimu, mbele ya Rais George H. W. Bush wa Marekani, Rais Carlos Salinas wa Meksiko na Waziri Mkuu Brian Mulroney wa Kanada. Herufi hizo zilithibitisha tu kwamba maandishi ndiyo yaliyoafikiwa. Saini zenyewe viongozi walizitia tarehe 17 Desemba, kila mmoja akiwa nchini kwake.

Mji ukiunga mkono, wote wanaunga mkono. Katiba ya Marekani imelikabidhi Bunge la nchi mamlaka juu ya biashara na mataifa ya nje, kwa hiyo baraza la mji linaweza kushawishi lakini halina kura. Baraza la Wawakilishi lilipoupitisha mkataba mnamo Novemba 1993, kwa kura 234 dhidi ya 200, Henry B. González, mbunge wa miaka mingi wa San Antonio, alikuwa miongoni mwa waliopinga.

NAFTA ndiyo iliyofunga kiwanda cha Levi's mjini San Antonio. Hili husemwa sana, na kalenda inalikataa. Kampuni ilitangaza kufunga kiwanda hicho cha nguo Januari 1990, miaka minne kabla ya mkataba kuanza kutumika, na kazi ikahamishiwa Kosta Rika, nchi isiyokuwa mwanachama. Zaidi ya wafanyakazi 1,000 walipoteza ajira, wengi wao wanawake wenye asili ya Meksiko. Hata hivyo, ni haki kueleza kwa nini kosa hili limedumu: wanawake hao waliunda chama cha Fuerza Unida, na baadaye wakaupinga mkataba wakijua fika maana ya cherehani kuhamishwa. Wanaosimulia hivyo wamekosea mwaka na nchi, lakini hofu yenyewe haikuwa ya kubuni.

Benki ya mkataba ililetwa kuufadhili mji. Benki ya Maendeleo ya Amerika Kaskazini ina makao yake San Antonio, lakini iliundwa kugharamia miradi ya mazingira, kama maji safi na majitaka, ndani ya kilomita 100 kutoka mpaka wa Marekani na Meksiko. San Antonio uko zaidi ya kilomita 200 kutoka mpaka huo.

Biashara huria maana yake hakuna forodha. Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki aliyewahi kuhangaikia cheti cha uasili wa bidhaa, yaani hati inayoonyesha bidhaa imetengenezwa wapi, hahitaji kufundishwa hili. Toyota huunda magari San Antonio tangu 2006, na vipuri vinavyovuka mpaka bado hukaguliwa. Chini ya NAFTA, gari dogo lilihitaji asilimia 62.5 ya thamani yake itoke ndani ya kanda ili lisamehewe ushuru. Mkataba mpya umepandisha kiwango hicho hadi asilimia 75, na gari lisilokifikia halipati msamaha huo.