Upepo haukuizima Australia Kusini

Tarehe 28 Septemba 2016 jimbo zima la Australia Kusini liliingia gizani. Tangu hapo wengi hulitaja kama ushahidi kwamba gridi inayotegemea upepo na jua lazima ianguke. Ripoti ya AEMO, msimamizi wa mfumo wa umeme nchini humo, inaeleza vingine.

Vimbunga viliangusha nguzo kubwa za kusafirishia umeme, na volteji ikashuka mara sita ndani ya dakika mbili. Upepo wenyewe ulikuwepo, tena wa kutosha! Kasoro ilikuwa kwenye programu za baadhi ya mitambo ya upepo: ziliielekeza ijitoe baada ya mishtuko kadhaa mfululizo. Megawati 456 zikapotea chini ya sekunde saba, laini ya umeme ya kutoka jimbo jirani la Victoria ikazidiwa, ikajikata. Mipangilio hiyo ilirekebishwa baadaye.

Wenye shaka wana hoja moja nzito. Mitambo mikubwa ya makaa, gesi au maji, kwa uzito wake unaozunguka, huzuia masafa ya umeme (idadi ya mizunguko yake kwa sekunde) yasiporomoke ghafla. Paneli za jua hazina uzito huo. (Jotoardhi ya Olkaria, Kenya, inao, ingawa nayo ni nishati jadidifu.) Australia Kusini ilifunga betri ya megawati 100 pale Hornsdale mwaka 2017, inayojibu kabla sekunde haijaisha. Mwaka 2021 zikaongezwa mashine nne zinazozunguka bila kuchoma chochote, kazi yake kutuliza gridi. Mitambo ya gesi bado huwashwa, ila michache kuliko zamani.