Tamasha la Tamthilia Mpya Ni Hatua ya Uandishi

Mtu anayekwenda kwenye tamasha la tamthilia mpya akitarajia kuona kazi zilizokamilika atatoka amekereka, na hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa mara nyingi waandaaji wenyewe hutangaza tamthilia hizo kana kwamba zimekwisha kuiva. Kazi yangu ni kusoma miswada ya tamthilia na kukaa na watunzi wakati wa mazoezi, na ninaloliamini ni kwamba tamasha la aina hii ni hatua ya uandishi ambayo mtunzi hawezi kuivuka akiwa peke yake chumbani. Kwa hiyo kila uamuzi, kuanzia uchaguzi wa miswada hadi namna ya kuzungumza na watazamaji baada ya onyesho, unapaswa kupimwa kwa kuangalia kama unamsaidia mtunzi kuusikia muswada wake na kuuandika upya ungali mbichi.

Matamasha mengi ya namna hii hufanyika majira ya joto, na sababu yake ni ya kihistoria. Katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, kumbi za maonyesho huanza msimu wao mnamo Septemba na kuumaliza Mei au Juni. Kabla ya viyoyozi kuenea, ukumbi uliojaa watu na taa za jukwaani haukuvumilika mwezi wa Julai, kwa hiyo kumbi zilifungwa na wasanii wakaelekea pwani na mashambani. Viyoyozi vilikuja, lakini desturi ilibaki, na imewafaa watunzi: waigizaji wanapatikana, vyuo viko likizoni na mabweni yao ni matupu, na walimu wanaoandika tamthilia hatimaye wanapata muda wa kukaa mazoezini siku nzima.

Mfano ninaourejea kila mara ni wa Provincetown, mji wa wavuvi kwenye ncha ya Cape Cod, Massachusetts, ambako waandishi na wasanii kutoka New York walikuwa wakipisha joto la jiji. Mwaka 1915 walionyesha tamthilia mbili fupi katika nyumba waliyokuwa wamepanga Hutchins Hapgood na mkewe Neith Boyce. Ya kwanza, aliyoiandika Boyce mwenyewe, ilichezwa barazani, bahari ikiwa nyuma ya waigizaji. Ilipokwisha, watazamaji waligeukia upande wa pili kuitazama tamthilia ya Susan Glaspell na mumewe George Cram Cook. Majira hayo hayo walihamia kwenye banda kuukuu la samaki lililokuwa juu ya gati, mali ya mwandishi mwenzao Mary Heaton Vorse, na mwaka uliofuata ndimo ilimochezwa “Bound East for Cardiff” ya Eugene O'Neill, mtu ambaye hadi wakati huo hakuwa amewahi kuona tamthilia yake hata moja ikiigizwa.

Hata hivyo, linalonifunza zaidi ni lile lililompata Glaspell mwaka huo wa 1916. Cook alikwisha kutangaza kwamba mkewe atatoa tamthilia, naye hakuwa nayo. Glaspell alisimulia baadaye kwamba alikwenda kwenye banda lile, akakaa mbele ya jukwaa tupu na kulitazama hadi likageuka kuwa jiko la nyumba ya shamba, kisha akaona mlango ukifunguka na watu wakiingia. Kila alipokwama katika kuandika, alirudi kukaa pale. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa “Trifles”, tamthilia ya tendo moja iliyochezwa Agosti, yeye na Cook wakiwa miongoni mwa waigizaji. Tarehe ilitangulia muswada, na mtunzi aliijua mbao ya jukwaa, upana wa chumba na sauti za watakaoigiza. Ufupi wa tamthilia ile, na uamuzi wake wa kutomleta kabisa jukwaani mwanamke anayetuhumiwa kuua, ni ustadi ambao naamini ulichochewa na udogo wa mahali penyewe.

Kisa cha “Trifles” kilitokana na kesi ya mauaji ambayo Glaspell aliiripoti akiwa mwandishi wa habari huko Iowa, mbali kabisa na bahari ile, na tamthilia ya O'Neill inatokea ndani ya meli iliyo safarini. Nalitaja hili kwa sababu matamasha ya watunzi wa mahali huanguka kwa urahisi katika mtego wa kudai kwamba mtunzi wa mahali aandike mambo ya mahali: historia ya mji, wazee wake mashuhuri, sherehe zake. Kwangu mimi, faida ya mtunzi wa karibu iko kwingine. Yeye anaweza kuhudhuria mazoezi kila siku, kwenda kulala na tatizo la tukio la tatu na kurudi asubuhi na kurasa mpya. Tena anaandikia watu wanaozijua lafudhi na kimya cha wahusika wake, watu ambao neno la uongo litawakwaruza sikioni mara moja. Mtunzi aliyealikwa kutoka mbali hustahimiliwa kwa adabu. Wa nyumbani hasamehewi, na kutosamehewa huko kuna thamani kubwa kwake.

Siku ya kwanza ya mazoezi waigizaji huketi kuzunguka meza, kila mmoja na nakala yake na penseli, nami humwomba mtunzi afunge muswada wake asikilize tu. Mwigizaji hodari anapojikwaa mara mbili katika sentensi ile ile, kwa kawaida hitilafu iko kwenye sentensi. Tuchukue dada wawili waliolelewa nyumba moja, na mmoja anamwambia mwenzake: “Kama unavyojua, baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita.” Katika ukurasa maneno hayo hupita bila kizuizi, kwa kuwa msomaji anahitaji habari hiyo. Mezani mwigizaji huinua macho na kuuliza, “Hapa nazungumza na nani?” Naam, anazungumza na watazamaji, na dada yake ametoweka. Mtunzi anaikata sentensi na kuandika: “Koti lake bado umelitundika mlangoni?” Kifo kimo, muda umo, na sasa umo pia ugomvi wa watu wawili wanaoomboleza kwa namna mbili tofauti. Badiliko kama hilo huchukua dakika chache, lakini ni nadra kulipata pasipo mwigizaji.

Kurasa zilizobadilishwa tunazichapa kwenye karatasi ya rangi nyingine, zikiwa na tarehe juu, ili mtu asije akasoma za jana. Lazima pia iwekwe saa ya mwisho ya mabadiliko kabla ya onyesho, maana mwigizaji anayepewa ukurasa mpya jioni ile ile hufikiria maneno tu, na hapo mtunzi hujifunza kidogo sana.

Waandaaji wenye bidii hutamani kuongeza mandhari, maleba na taa ili watazamaji waone wamethaminiwa. Ningewasihi wajizuie. Kituo cha Eugene O'Neill kilichoanzishwa mwaka 1964 huko Waterford, Connecticut, kilijijengea heshima kwa maonyesho ya kiangazi yenye mandhari ya kudokezwa tu na waigizaji walioshika miswada mikononi. Mandhari yakishajengwa, tukio linalohitaji kufutwa huwa na mlango uliogharimiwa, na hakuna anayethubutu kulifuta. Mtunzi wa Kimarekani August Wilson alikataliwa mara kadhaa na kituo hicho kabla ya tamthilia yake “Ma Rainey's Black Bottom” kuchaguliwa mwaka 1982, wakati Lloyd Richards akiongoza mkutano wa watunzi wa kituo hicho, na ni Richards huyo huyo aliyeiongoza ilipofika Broadway, kwenye kumbi kubwa za kibiashara za New York, mwaka 1984.

Baada ya onyesho huja mazungumzo na watazamaji, na hapa ndipo nimeona miswada mizuri ikiharibiwa na nia njema. Mtu husimama na kueleza tamthilia ambayo angeiandika yeye. Mtunzi aliyechoka huenda nyumbani akaiandika hiyo. Utaratibu ninaoupendelea ni ule uliobuniwa na mwanadansi wa Kimarekani Liz Lerman: kwanza watazamaji hutaja kilichowagusa au kubaki akilini mwao, pili msanii huuliza maswali yake mwenyewe, tatu watazamaji huuliza maswali yasiyobeba hukumu, na mwisho hutolewa maoni, kwa idhini ya msanii. Ugumu uko kwenye hatua ya tatu. “Kwa nini mwisho ni mrefu hivyo?” ni hukumu iliyovaa alama ya kuuliza, lakini “Ulitaka tubaki na nani katika tukio la mwisho?” humfanya mtunzi afikiri. Mwongozaji wa mazungumzo afundishwe kuligeuza la kwanza kuwa la pili papo hapo, kwa upole.

Kuhusu haki nitasema kwa ufupi. Muswada ni mali ya mtunzi. Dramatists Guild, chama cha watunzi wa tamthilia wa Marekani, hushikilia kwamba hata neno moja lisibadilishwe bila ridhaa yake, na tamasha lolote linapaswa kuliandika hilo kwenye mkataba kabla ya mazoezi. Tamasha linalodai sehemu ya mapato ya baadaye kwa sababu ya usomaji wa siku mbili linadai kisichokuwa chake.

Linaloniumiza zaidi ni hali ya tamthilia baada ya tamasha. Kumbi hupenda kutangaza onyesho la kwanza kabisa, na tamthilia iliyokwisha kuonekana mara moja huhesabiwa imetumika, ilhali ni katika onyesho la pili, kwa mwongozaji mwingine na watazamaji wengine, ndipo mtunzi anapotambua kipi ni cha muswada na kipi kilikuwa cha waigizaji wale wa kwanza. Nchini Marekani, National New Play Network, mtandao wa kumbi zinazoigiza tamthilia mpya, hukubaliana na kumbi tatu au zaidi ziigize tamthilia moja mpya kwa kufuatana, kila moja na kikosi chake, huku mtunzi akirekebisha kati ya onyesho na onyesho. Tamasha dogo linaweza kufanya vivyo hivyo kwa makubaliano na kumbi mbili za miji jirani, mradi barua ziandikwe kabla tikiti ya kwanza haijauzwa na wawakilishi wa kumbi hizo waalikwe kwenye mazoezi, wauone muswada ukibadilika.