"Tout" wa Belfast si mpiga debe

Juzi nimeletewa tena manukuu ya filamu ya hali halisi kuhusu Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini. Ukutani pameandikwa "Touts will be shot"; huko "tout" ni mtu anayewataja wenzake kwa askari. Mtafsiri kaandika: "Wapiga debe watapigwa risasi." Kamusi imempa mpiga debe, naye akaridhika. Nilipomrudishia akaweka "wambea", akasema "tout", "grass", "nark" na mengineyo yote ni "snitch" tu, yaani mtoa siri za wenzake, kila nchi na lafudhi yake.

Hapana! Nimechoka kulisikia hili. Maneno hayo hayalingani uzito. Mtoto wa Uskoti anayekimbilia kwa mwalimu ni "clype", na "nitakusemea!" ya watoto wetu inatosha kabisa. Kwa Waaustralia "dob in", kumsemea mtu kwa wakubwa, ni aibu mtaani, lakini Crime Stoppers, shirika linalopokea taarifa za uhalifu, waliita kampeni yao "Dob in a Dealer", wakiomba raia wawataje wauza dawa za kulevya. "Nark" wa Uingereza, mpasha habari wa polisi, naye si "narc" wa Marekani, ambaye ni askari wa kupambana na dawa hizo.

"Tout" wa Ireland Kaskazini ni habari ya damu. IRA, kundi la silaha lililopigana na utawala wa Uingereza huko, iliwaua watu iliowaita hivyo. Mwaka 1983 watu 38 walisimama kizimbani Belfast kwa ushahidi wa Christopher Black, aliyekuwa mwenzao. Huyo aliitwa "supergrass", yaani "grass" (anayewataja wenzake kwa polisi) aliye mkubwa, neno lililovuma London miaka ya 1970, baada ya jambazi wa benki Bertie Smalls kuwataja wenzake. "Grass" yenyewe wengine huitoa kwa nyoka wa majanini, wengine kwa "grasshopper", panzi, kwa kuwa inafanana vina na "copper", yaani polisi. Mimi naegemea panzi, ingawa siapi.

Kinachonikera zaidi ni "mchongezi" kubandikwa kila mahali. Kuchongea kwetu kuna fitina, mara nyingi na uongo ndani yake, kwa hiyo msomaji humhurumia aliyechongewa. "Grass" anachukiwa ijapokuwa amesema kweli tupu. Kosa lake ni kuipeleka polisi.

Mwishowe nikaandika "Wasaliti watapigwa risasi", na bado sijatulia. Msaliti anaweza kuwa mke, rafiki, hata waziri. "Tout" amekwenda kunong'ona kwa askari. "Wanaotutaja kwa askari watapigwa risasi" ingesema yote, lakini hakuna mtu anayeandika sentensi ndefu hivyo ukutani usiku, rangi mkononi, akihofia doria. Nimemrudishia mtafsiri zote mbili.