Lile fuvu la Grateful Dead si alama ya shetani

Kuna ile meseji haiishi kwenye magrupu, eti ukikuta tisheti ya mtumba ina fuvu lenye radi kichwani uichome, ni ya bendi ya Wamarekani waliojitoa kwa shetani ndo maana wakajiita Grateful Dead, yaani "wafu wenye shukrani".

Jamani, taratibu. Bendi ilianza California 1965 ikiitwa the Warlocks, yaani wachawi (hapo kushtuka ruksa), wakabadili baada ya kusikia kuna wengine wanatumia jina hilo. Jipya wakalikuta kwenye kamusi, ni aina ya ngano za kale: msafiri anakuta maiti imenyimwa maziko kisa madeni, anatoa hela yake ya mwisho izikwe, mbele ya safari anasaidiwa na mgeni, kumbe ndo yule marehemu. Tafuta mwenyewe kwenye vitabu vya ngano utaikuta, na hata kisa cha Tobiti kwenye Biblia ya Wakatoliki kinakaribiana nayo.

Fuvu nalo lilibuniwa 1969 kuwekea alama masanduku ya vyombo vya muziki, maana kwenye matamasha ya bendi nyingi yote yanafanana. Madawa ya kulevya walitumia kweli, hasa LSD inayomfanya mtu aone maruweruwe, na wimbo mmoja waliweza kuuvuta nusu saa wakibuni palepale jukwaani, ila hiyo ni habari nyingine kabisa. Meseji ikikufikia tena usiifowadi, iishie kwako.