Je, wajua kwa nini mafuta ya nazi huzama ndani ya unywele na mengine hubaki juu?

Mwezi wa saba, Mikindani mkoani Mtwara huwa na asubuhi ambazo kusi inavuma tangu alfajiri na akina mama wanatoka nje wamejitanda khanga mbili. Asubuhi za namna hiyo ndizo zinazomletea kesi shangazi yangu, anayepika mafuta ya nazi na kuyauza kwenye chupa za maji. Mwaka jana mteja alimrudia na chupa ameigeuza juu chini, hakitoki kitu. "Mama, hapa umeniuzia mafuta ya mgando." Shangazi hakubishana. Aliiweka chupa juani pale barazani, akamkaribisha mgeni uji. Uji haujaisha, mafuta yamekuwa maji.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa kipupwe Mtwara hufika huko bila shida. Kwa hiyo kuganda hakumaanishi yamechakachuliwa. Mimi ningeitilia shaka zaidi chupa isiyoganda hata kidogo mwezi huo. Tena kile kinachoyafanya yagande kina uhusiano wa karibu na kinachoyafanya yaingie ndani ya unywele, jambo ambalo mafuta mengi hayaliwezi.

Utazame unywele kama paa la makuti. Juu yake kuna magamba membamba sana yaliyopandiana, yote yakielekea kwenye ncha, kama makuti yanavyolaliana kuelekea ukingoni mwa paa. Chini ya magamba ndipo penye mwili wa unywele, uliojengwa kwa protini iitwayo keratini. Makuti yakikaa vizuri, nyumba haivuji. Yakiinuliwa na upepo, kila mvua inaingia.

Mvua ya unywele ni maji ya kuoshea. Unywele mkavu ukiloweshwa unaweza kunywa maji karibu 30% ya uzito wake. Unavimba, magamba yanainuka, kisha ukikauka unasinyaa tena. Fanya hivyo kila wiki kwa mwaka mzima, uongeze sabuni kali na chanuo linalovutwa kwa nguvu, na protini inatoka kidogo kidogo. Kwa nje utaona ncha zimegawanyika na nywele zinakatikia kwenye chanuo.

Nywele zetu za kujisokota zina mzigo wa ziada. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe, na kwenye unywele ulionyooka mafuta hayo huteleza hadi chini. Kwenye unywele uliojipinda kama chemchemi ya kalamu hayafiki mbali, yanakwama kwenye kona za mwanzo. Ncha, ambazo ndizo kongwe kuliko sehemu nyingine zote, zinabaki kavu. Na pale unywele unapojipinda ndipo unapokatikia kwa urahisi.

Sasa turudi kwenye chupa. Mafuta yote ya mimea yamejengwa kwa asidi za mafuta, ambazo ni minyororo ya kaboni. Zinatofautiana kwa urefu na kwa umbo. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12 tu, na mnyororo wake umenyooka. Asidi kuu za ufuta na alizeti zina kaboni 18, tena zimepinda katikati, nyingine mara mbili.

Chukua fito fupi zilizonyooka na matawi ya mkorosho. Fito utazifunga mzigo mmoja, zikalaliana bila nafasi, na utapita nazo mlango wowote. Matawi ya mkorosho, ambayo sijawahi kuona moja lililonyooka, hayafungiki vizuri na mlangoni yatakugombanisha na mwenye nyumba. Kulaliana kwa fito ndiko kuganda kwa mafuta ya nazi. Kupita mlangoni ndiko kupenya kati ya magamba. Asidi ya lauriki pia huvutwa na protini, kwa hiyo ikishaingia haina haraka ya kutoka.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 2003 watafiti Rele na Mohile wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti, na mafuta yatokanayo na petroli, jamaa ya yale tunayoyaita mafuta ya mgando. Walipima protini inayopotea kwenye nywele. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu huo kwa kiasi kikubwa, kwenye nywele nzima na kwenye zilizoharibika, yakipakwa kabla ya kuosha au baada. Ufuta haukuwamo, lakini ukiangalia asidi zake mimi nauweka fungu moja na alizeti.

Hapo kwenye "kabla ya kuosha" ndipo ningependa ukae kidogo. Wengi tunaosha kwanza, tunakausha, halafu tunapaka mafuta kwenye nywele ambazo tayari zimekuwa ngumu, tukitumaini zitalainika. Mafuta hayana maji ndani yake, hayawezi kuupa unywele unyevu ambao hayana. Kazi yake ni kuzuia: yaliyoingia yanapunguza maji yanayonywewa wakati wa kuosha, na yaliyobaki juu yanachelewesha maji kuondoka baada ya kuosha. Bibi yangu alikuwa akitupaka mafuta ya nazi usiku, anatufunga kilemba, tunaoshwa asubuhi. Sisi tulidhani ni kwa sababu ya harufu ya maji ya kisima. Kumbe aliyapa mafuta saa za kutosha kuzama.

Ukitaka kujaribu, gawa nywele mafungu manne, paka kidogo kuanzia katikati hadi ncha, funga, lala. Vijiko viwili vya chai vinatosha kichwa cha nywele za wastani. Ukiona mto umelowa, umezidisha. Asubuhi osha, na nywele zikiwa bado mbichi pitisha mafuta kidogo tena, kisha suka mabutu au twende kilioni zikauke zikiwa zimetulia. Wapo ambao nywele zao zikikutana na mafuta ya nazi mara kwa mara zinakakamaa kama ufagio wa chelewa. Ukiwa mmoja wao, punguza, au baki na ufuta.

Ufuta wenyewe usiudharau kwa sababu nimeuita tawi la mkorosho. Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa zao hili, na mafuta yake yana sifa moja nzuri: yana viambato vya asili vinavyoyazuia yasichache haraka. Chupa ya ufuta hukaa muda mrefu bila kutoa ile harufu ya mafuta yaliyolala. Tena hayagandi mwezi wa saba. Kwa kung'arisha na kulainisha chanuo lipite, yanatosha kabisa.

Siagi ya shea, inayosifiwa mno siku hizi, haitoki kwetu. Mti wake huota kuanzia Afrika Magharibi hadi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Siagi ya kakao iko karibu kidogo, maana kakao yetu inalimwa Kyela. Zote mbili zina asidi nyingi yenye kaboni 18 iliyonyooka, na ndiyo sababu zinaganda hata mchana wa kawaida. Ni fito pia, ila ndefu kuliko mlango. Zinakaa juu ya unywele kama mfuniko mzito, jambo zuri kwenye ncha kavu za nywele nzito, ilimradi ziwe na maji kwanza. Tatizo la Mtwara ni mwezi wa pili. Siagi ya shea huyeyuka kwenye joto la mwili, na ukitembea hadi sokoni saa saba mchana, ulichopaka kichwani utakifuta kwenye paji la uso.

Mafuta ya nyonyo yana hadithi nyingi kuliko yote. Ule uzito wake kama asali unatokana na asidi ya risinoleiki, ambayo ni takriban 90% ya mafuta hayo. Yanashika ncha vizuri, lakini kwamba yanaotesha nywele hakujathibitishwa. Unywele hukua kutoka kwenye shina lake chini ya ngozi, karibu sentimita 1 kwa mwezi, upake usipake. Zikionekana zimerefuka ni kwa sababu hazikukatika. Ukiyatumia, yachanganye na nazi au ufuta ili yasizigandamanishe nywele. Na mbegu za mbarika, ndizo hizo zinazokamuliwa mafuta ya nyonyo, zisiachwe mahali watoto wanachezea, zina sumu kali.

Kuna na mafuta ya kukaa nayo mbali. Mtu asije akakushauri kujaribu kimiminika cha ganda la korosho eti kwa kuwa ni cha asili na kimejaa huku kwetu. Wabanguaji wanakijua vizuri, kinaunguza ngozi ya mikono, sembuse ya kichwa. Mafuta ya korosho yenyewe, ya tunda la ndani, hayana shida hiyo, lakini kwa bei ya korosho sidhani kama yupo wa kuikamulia nywele.

Mwenye mba naye asikimbilie kuloweka ngozi ya kichwa kwa mafuta. Kuna kuvu iitwayo Malassezia inayoishi kwenye vichwa vyetu sote, na chakula chake ni asidi za mafuta. Ukiipa zaidi inachangamka zaidi, na mwasho unaongezeka. Mafuta yaanzie mbali kidogo na ngozi, na mba itibiwe kwa dawa yake.

Shangazi bado anapika kila Jumamosi: anakuna nazi, anachuja tui, analiacha lilale hadi ule utando mzito upande juu, kisha anauchemsha taratibu mpaka maji yote yaishe na mashapo yawe kahawia. Kitu kimoja tu kimebadilika. Kuanzia mwezi wa sita haweki tena mafuta kwenye chupa za maji. Anatumia makopo yenye mdomo mpana, mteja achote kwa kidole.